Baada ya Kutoka Hospitalini: Ushauri kwa Familia za Kabuchai Zinazomuuguza Mgonjwa wa Akili

Katika eneo la Kabuchai, kaunti ya Bungoma, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mashambani nchini Kenya, mtu anayeugua ugonjwa mkali wa akili hulazwa hospitalini kwa majuma machache, kisha huishi nyumbani kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya matibabu yake haimo mikononi mwa daktari wala muuguzi bali imo mikononi mwa mama, mke, kaka au dada ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kazi hiyo. Siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, jamaa wengi hushusha pumzi na kudhani kwamba msiba umekwisha, ilhali siku hiyo ndiyo inayofaa kuhesabiwa kuwa mwanzo wa kazi. Ushauri unaotolewa hapa umejengwa juu ya jambo moja, nalo ni kwamba familia inayopanga mambo yake wakati mgonjwa ametulia hupata afueni kubwa wakati ugonjwa unapochacha, na kwamba familia hiyo yenyewe ina mahitaji ya huduma ambayo ina haki ya kuyadai bila kuona haya.

Ugonjwa mkali wa akili ni jina la jumla la maradhi yanayovuruga fikra, hisia na mwenendo wa mtu kiasi cha kumfanya ashindwe kufanya kazi, kusoma au kuelewana na wenzake kwa muda mrefu. Maradhi ya kwanza katika kundi hilo ni skizofrenia, ambapo mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hushikilia imani isiyotikisika hata inapokosa ushahidi wowote, na polepole hujitenga na watu, huacha kuoga na kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda; Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya kila watu 300 duniani. Ya pili ni ugonjwa wa bipola, ambao vipindi vyake vya uchangamfu uliopita kiasi, mgonjwa akikesha bila kuchoka, akitapanya pesa na kupanga biashara kumi kwa usiku mmoja, hupokezana na vipindi vya huzuni nzito. Ya tatu ni sonona kali, yaani huzuni inayodumu kwa majuma mengi, inayomwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula na hata hamu ya kuishi. Skizofrenia na bipola huanza mara nyingi kati ya mwisho wa ubarubaru na miaka ya ishirini, umri ule ule ambao kijana anamaliza kidato cha nne, anatafuta kazi Nairobi au anaanza kuzungumzia ndoa, na ndiyo maana watu huwa wepesi wa kusema kwamba amelogwa na mwenye wivu, au kwamba misambwa, yaani mizimu ya ukoo, imekasirika kwa sababu mila fulani haikutimizwa.

Imani hizo hazifai kudhihakiwa, kwa maana familia iliyodhihakiwa hospitalini hairudi tena, lakini haifai pia ziachwe zipoteze miezi ya mwanzo ya ugonjwa. Kadiri mtu anavyokaa muda mrefu bila dawa katika kipindi chake cha kwanza cha kuchanganyikiwa, ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kugumu na kwa polepole, na miezi inayopotea kwa kuzunguka kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine, ng'ombe akiuzwa hapa na shamba likikodishwa pale, hairudishwi na dawa yoyote. Familia haihitaji kuchagua kati ya maombi na sindano. Mchungaji au mzee wa ukoo anaweza kuendelea kuombea na kufariji, mradi asimkataze mgonjwa dawa, asimfungishe mfungo unaomnyima chakula na maji, wala asimfunge kamba. Ikiwa mtumishi wa dini au mganga anadai kwamba dawa za hospitali zitupwe kwanza ndipo kazi yake ifanikiwe, jamaa wana sababu ya kutosha ya kuondoka mahali hapo siku hiyo hiyo.

Kabla ya jambo lolote, ni lazima ihakikishwe kwamba kinachoonekana kuwa ugonjwa wa akili si ugonjwa mwingine wa mwili. Bungoma ni eneo la malaria, na malaria inayopanda ubongoni inaweza kumfanya mtu mzima aropokwe, apigane na asiwatambue watoto wake, kwa hiyo mtu aliyeanza kuchanganyikiwa ghafla huku ana homa hupelekwa hospitalini usiku huo huo na kupimwa damu, wala haisubiriwi asubuhi. Virusi vya UKIMWI, upungufu wa sukari mwilini, pombe iliyokatizwa ghafla na mnywaji wa miaka mingi, na majeraha ya kichwa yatokanayo na ajali za bodaboda huweza kuleta dalili zinazofanana. Mwanamke aliyejifungua karibuni ambaye halali, anaona vitu visivyokuwepo au anazungumzia mtoto wake kwa namna ya kutisha anahitaji daktari bila kuchelewa hata siku moja. Kifafa nacho si wazimu, ingawa mara nyingi huwekwa katika kapu moja.

Lipo jambo la kihistoria linaloeleza kwa nini wazee wengi wa Bungoma hushtuka wanaposikia jina la Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1910 na serikali ya kikoloni, na kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa mahali pakuu pa kuwafungia watu waliotangazwa kuwa wendawazimu. Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, alipowapinga wakoloni hadharani na kukataa amri zao, alipelekwa Mathari mwaka 1945 na hakutolewa hadi mwaka 1947, na hivyo katika kumbukumbu ya Wabukusu, watu wa jamii yake, neno kichaa lilipata kuwa pia pingu ambayo mtawala humfunga nayo mtu asiyemtaka. Kumbukumbu hiyo inastahili heshima, na tena ina funzo kwa familia za leo, kwa sababu ndani ya boma pia neno hilo huweza kutumiwa kumnyamazisha mtu. Mgonjwa anayelalamika kwamba sehemu yake ya shamba inauzwa, au kwamba anapigwa, hapaswi kujibiwa kwamba ni ugonjwa unaosema. Huenda anasema kweli, na ni wajibu wa jamaa kuchunguza.

Ramani ya huduma ni vizuri ijulikane mapema. Mkazi wa Kabuchai huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, kisha hospitali ya kaunti ndogo iliyoko Chwele, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma. Wale wa upande wa kaskazini, ambao matatu zao hupitia Kimilili na Kamukuywa, huona ni rahisi kwenda Kitale, na mgonjwa aliye na hali ngumu zaidi hupelekwa Eldoret katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, yenye idara ya afya ya akili. Katika ngazi za chini mgonjwa hukutana zaidi na afisa tabibu au muuguzi kuliko daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na hilo lisimvunje mtu moyo, kwa kuwa mhudumu wa namna hiyo akiwa amefunzwa anaweza kutambua ugonjwa, kuanzisha dawa za kawaida na kutoa sindano za kila mwezi. Swali ambalo familia inapaswa kuliuliza kabla ya kuondoka katika hospitali kubwa ni hili: dawa hizi zinapatikana katika kituo kipi karibu na nyumbani, na ni nani atakayeziandika upya zikiisha? Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani bila swali hilo kujibiwa, jamaa wasiinuke kwenye benchi. Waombe barua ya rufaa inayotaja jina la ugonjwa, jina la kila dawa, kipimo chake na tarehe ya kurudi, iandikwe kwa mwandiko unaosomeka.

Barua hiyo hubandikwa katika daftari, na daftari hilo linastahili maelezo zaidi, kwani ndicho chombo cha bei rahisi kuliko vyote ambacho familia inaweza kuwa nacho. Linatosha daftari la mazoezi la kurasa 48, lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni lisilowane, likawekwa mahali pamoja na kadi ya kliniki na kitambulisho. Katika ukurasa wa kila juma huandikwa mambo machache tu: saa ambazo mgonjwa alilala, kama alikula, kama alimeza dawa asubuhi na jioni, na jambo lolote geni, kwa mfano kwamba Jumanne alizima redio akidai mtangazaji anamtaja jina, au kwamba Alhamisi alizungukazunguka uani hadi jogoo wa kwanza. Baada ya miezi sita daftari huanza kusema lenyewe. Jamaa watagundua kwamba kila mara ugonjwa ulipopanda ulitanguliwa na dalili zile zile, labda siku tatu bila usingizi, labda kuvaa makoti mawili wakati wa jua, labda kususia chakula kilichopikwa na mtu fulani, na dalili hizo ndizo kengele ambayo wangetamani kuisikia mapema. Daktari naye, ambaye ana dakika chache kwa kila mgonjwa, atajifunza mengi zaidi katika kurasa mbili za daftari kuliko katika jibu la kawaida kwamba anaendelea vizuri kidogo.

Kuhusu dawa, ukweli usemwe wote. Dawa ya kwanza ya kutuliza saikosisi, yaani hali ya mtu kupotewa na mpaka kati ya mambo halisi na yale ya akilini mwake, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, nayo ni klopromazini, ambayo wengi nchini Kenya huijua kwa jina la Largactil na ambayo ingali ikitolewa katika hospitali za umma pamoja na haloperido na nyinginezo. Dawa hizi hupunguza sauti na hofu, lakini huweza pia kuleta usingizi mzito, mikono kutetemeka, mwendo wa kukakamaa, kuongezeka uzito, kukauka mdomo, na kwa baadhi ya watu kutotulia kwa miguu kunakomfanya mtu ashindwe kuketi. Lipo tukio moja ambalo kila familia inapaswa kulijua kabla halijatokea: katika siku za kwanza za dawa kama haloperido, hasa kwa vijana wa kiume, shingo huweza kujipinda upande mmoja, taya likakaza na macho yakageukia juu bila hiari, na waliokuwepo wakapiga kelele kwamba pepo limejitokeza. Si pepo. Ni misuli iliyokazwa na dawa, na hospitalini kuna sindano au kidonge, kwa mfano kile kinachojulikana kama Artane, kinachoilegeza kwa muda mfupi. Lakini mgonjwa aliyepatwa na hali hiyo bila kuelezwa mapema huweza kukataa dawa maisha yake yote, na ni vigumu kumlaumu. Ikiwa kukakamaa huko kunafuatana na homa kali, jasho na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya hospitali bila mjadala.

Kosa linalorudisha watu wengi wodini ni kuacha dawa baada ya kupata nafuu. Mgonjwa hulala vizuri, hurudi shambani, huanza kucheka, na jamaa pamoja naye huamua kwamba amepona, kwa nini aendelee kusinzia? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba baada ya kipindi cha kwanza cha saikosisi dawa ziendelee angalau miezi 12 tangu dalili ziishe, na kwamba kuziacha kufanywe polepole chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya, wala si kwa siku moja. Kwa mtu anayesahau vidonge au anayevichukia, ipo sindano ya muda mrefu, ambayo wengi huiita kwa jina la Modecate, inayochomwa kila baada ya majuma mawili hadi manne na kuondoa ugomvi wa kila jioni kuhusu vidonge. Msichana au mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aulize kuhusu valproeti kabla ya kuitumia, maana dawa hiyo, ingawa inafaa kwa bipola na kifafa, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Bangi na chang'aa huvunja kazi ya dawa, na bangi hasa humrudishia mgonjwa wa saikosisi dalili zake, jambo ambalo kaka na marafiki wa rika lake wanapaswa kuambiwa waziwazi, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaomkaribisha.

Namna watu wa nyumbani wanavyozungumza na mgonjwa ina nguvu ambayo imechunguzwa kwa miaka mingi. Mtafiti George Brown na wenzake walipowafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za London kuanzia miaka ya 1950, waligundua kwamba wale waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au ulinzi uliopita kiasi wa kumfanyia mgonjwa kila kitu kama mtoto mchanga, waliugua tena kwa haraka kuliko wale waliorudi katika nyumba tulivu, na matokeo hayo yamethibitishwa baadaye katika nchi nyingi. Haina maana kwamba familia ndiyo iliyosababisha ugonjwa, na mama yeyote anayebeba hatia hiyo anapaswa kuitua. Maana yake ni kwamba kuna jambo lililo ndani ya uwezo wa watu wa nyumbani ambalo halinunuliwi dukani. Kijana anayelala hadi saa nne asubuhi si lazima awe mvivu, kwani usingizi huo unaweza kuwa wa dawa na ukosefu huo wa hamu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Badala ya kumfokea mbele ya wageni, ni bora apewe kazi moja ndogo yenye saa yake, kama kupeleka ng'ombe mtoni au kupukuchua debe moja la mahindi, na akiimaliza aambiwe asante kwa jina lake.

Imani potofu za mgonjwa nazo zina adabu yake ya kujibiwa. Kijana anaposukuma sahani na kusema kwamba ugali umetiwa sumu, ubishi haumsaidii, kwa sababu imani hiyo haikujengwa kwa hoja na haitabomolewa kwa hoja, na kumkubalia pia ni kumdanganya na kumwongezea hofu. Mama anaweza kuketi, kwa sauti ya chini, na kusema: "Mwanangu, naona umeingiwa na hofu, na hofu hiyo ni mbaya. Mimi sioni sumu hapa, lakini sitakulazimisha. Njoo tule katika sahani moja." Maneno hayo hukiri hofu bila kukiri sumu, na tena huacha wazi mlango wa kurudia mazungumzo kesho. Mtu aliyekasirika sana aachiwe nafasi ya kutoka, asizungukwe na wanaume watano, watoto wapelekwe kwa jirani, na panga na jembe viondolewe machoni kimya kimya.

Hata hivyo kuna siku ambapo upole hautoshi, na siku hiyo ndiyo inayohitaji mpango uliokwisha kuandikwa, mgonjwa mwenyewe akiwepo na akiwa na akili timamu. Mpango huo hueleza ni dalili gani zikionekana apelekwe hospitalini hata akikataa, ni ndugu gani anayemwamini na ambaye sauti yake huisikiliza, ni gari au pikipiki ya nani itakayokodishwa na pesa za nauli zimewekwa wapi, na ni nani atakayebaki na watoto. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1989 na kurekebishwa mwaka 2022, inatambua kulazwa kwa hiari, kulazwa bila hiari na kulazwa kwa dharura, na polisi na chifu wana sehemu yao katika kumfikisha hospitalini mtu aliye hatarini. Kwa hiyo ni busara mpango huo uonyeshwe mapema kwa naibu wa chifu, ili siku ya dharura asikutane na mgonjwa kwa mara ya kwanza akidhani ni mhalifu. Marekebisho ya mwaka 2022 vilevile yanamtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki ya kueleweshwa na kuridhia matibabu yake, kutunziwa siri na kutobaguliwa na kampuni za bima, na jamaa wanaosema kwa niaba yake wanapaswa kukumbuka kwamba wanasema kwa niaba yake, wala si badala yake.

Kamba na minyororo havina nafasi katika mpango huo. Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha ripoti yake mwaka 2020, lilionyesha kwamba watu wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo, na wengi wao hufungwa na watu wanaowapenda, waliochoka na wasiojua la kufanya. Familia inayomfunga mtu haihitaji matusi ya jirani; inahitaji dawa, usafiri na mtu wa kulala zamu usiku. Lakini kifundo cha mguu kilichokaa ndani ya mnyororo huota kidonda, misuli hulegea, na mgonjwa hujifunza kwamba nyumbani ni gereza, kwa hiyo mnyororo huongeza tatizo lile lile lililosababisha utumike.

Vitisho vya kujiua visichukuliwe kuwa utani wala mbinu ya kutaka kusikilizwa. Mtu anayesema amechoka kuishi aulizwe waziwazi kama ana wazo la kujiua na amepanga kutumia nini, kwa kuwa kuuliza hakumpandii wazo hilo bali humpunguzia upweke, kisha dawa za kuulia kupe na za kunyunyizia mimea, ambazo hukaa ovyo katika maboma mengi ya wakulima, zifungiwe, na mgonjwa asiachwe peke yake hadi aonwe na mhudumu wa afya. Laini ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo. Familia nyingi zilizoea kuficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya kuwa kosa la jinai, lakini mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na hofu hiyo isimzuie mtu tena kukimbilia hospitali.

Gharama ni mzigo unaozivunja familia hata pale ambapo mapenzi yapo. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wananchi huiita SHA, imechukua mahali pa NHIF, na mchango wake ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mgonjwa aliye mtu mzima, hata kama analala katika nyumba ya baba yake, huenda hayumo katika usajili wa baba, kwa hiyo jamaa waende wakaulize kwa jina lake na nambari ya kitambulisho chake kabla hajaugua tena. Ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili wa muda mrefu pia unaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya tathmini ya hospitali, na kaya maskini inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkali inaweza kuomba kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Watu wengi hukwepa usajili huo kwa kuogopa jina la mlemavu, jambo linaloeleweka, lakini uamuzi huo uwe wa mgonjwa na si wa jirani.

Kilichoandikwa kidogo kuliko vyote ni habari za yule anayeuguza. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni mama ambaye nywele zake zimeanza kuwa nyeupe, anayelala nusu jicho, aliyeacha kwenda chama na kanisani kwa sababu hana wa kumwachia mgonjwa, na ambaye hospitalini huulizwa maswali yote kuhusu mwanawe lakini haulizwi hata moja kumhusu yeye. Shinikizo la damu, maumivu ya mgongo na sonona yake mwenyewe huhesabiwa kuwa uzee. Mtu huyu anahitaji zamu. Inafaa ukoo ukutane, kama unavyokutana kwa ajili ya mazishi na mahari, na kugawana siku: dada aliyeolewa Webuye amchukue mgonjwa kwa juma moja kila baada ya miezi miwili, kaka aliye Nairobi ambaye hawezi kuja alipe nauli ya kliniki na aitume kabla ya tarehe badala ya kungoja kuombwa, na jirani mmoja akubali kuketi na mgonjwa siku ya soko la Chwele ili mama aende akauze mboga zake. Promota wa afya ya jamii, mmoja wa wale zaidi ya 100,000 waliozinduliwa nchini mwaka 2023, anaweza kuombwa apitie boma hilo mara kwa mara, na familia tano au sita zenye mgonjwa zikikutana mara moja kwa mwezi zitajifunza mengi kuliko zinavyoweza kujifunza kila moja peke yake, hata kama kikao chenyewe ni chai chini ya mwembe.

Lipo pia swali ambalo mama huyo hulifikiria usiku na asilitamke: akifa, nani? Katika eneo ambalo vipande vya ardhi vimepungua kila kizazi, mgonjwa wa akili ndiye wa kwanza kuondolewa katika mgawanyo, huku ikisemwa kwamba hatalihitaji shamba kwa kuwa hawezi kulima. Mzazi aliye hai anapaswa kutaja sehemu ya mtoto huyo mbele ya wazee na kwa maandishi, ikiwezekana kupitia wakili au afisa wa ardhi, aeleze ni nani atakayeisimamia na mazao yake yatatumikaje, na amtaje mtu wa pili iwapo wa kwanza atashindwa. Msichana au mwanamke mgonjwa anahitaji ulinzi wa ziada, kwa kuwa wapo wanaume wanaomvizia wakijua kwamba hataaminiwa, na tendo hilo ni ubakaji unaoripotiwa kwa polisi na hospitalini mara moja, wala si jambo la kusuluhishwa kwa mbuzi.

Hakuna familia inayoweza kuyabeba haya yote ikiwa rafu ya dawa katika zahanati ni tupu, na hapo ushauri kwa familia hugeuka kuwa madai kwa serikali. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na huduma za afya mashinani ni kazi ya serikali ya kaunti, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na lazima iwasikilize wananchi katika hatua hizo. Vikao vya aina hiyo hujaa watu wanaotaka barabara na madaraja, na ni nadra kumsikia mtu akiomba haloperido. Basi familia za wadi nne za Kabuchai, yaani Kabuchai/Chwele, West Nalondo, Bwake/Luuya na Mukuyuni, zinaombwa ziingie katika vikao hivyo zikiwa na madaftari yao, ziseme ni mara ngapi mwaka uliopita zilikosa dawa, na nauli ya kwenda Bungoma, Kitale au Eldoret ilizigharimu kiasi gani, na ziombe mambo mawili yaandikwe katika kumbukumbu za kikao: dawa za akili zisikosekane katika kituo cha afya cha kila wadi, na muuguzi mmoja aliyefunzwa awepo hapo kuchoma sindano siku inayojulikana ya kila mwezi.